Kupima Tetesi za Madereva Kuhama Timu: Anza na Kiti, Sio na Jina

Wasee wa magari, wa hapa Nakuru na kwingine, leo nataka tufundishane hii kitu juu naona kila mwaka tunaanguka shimo lile lile. Fomula Wani ikienda tu likizo ya Agosti, ama ile wiki Safari Rally iko Naivasha na nusu ya mtaa inatafuta lifti ya kwenda Soysambu kuona magari, steji yote ya boda inageuka ofisi ya usajili. Huyu anaenda Ferrari, yule anaachwa, yule mwingine alisaini kitambo ni vile wanaficha, na ukiuliza umejuaje unaambiwa lisemwalo lipo na kama halipo laja, basi mjadala unakufa hapo. Hio methali naiheshimu lakini kwa madereva imetupotosha sana, juu mengi yanayosemwa hayapo na hayaji, na yale makubwa kabisa huja siku hakuna mtu alikuwa anayasema.

Alhamisi tarehe 1 Februari 2024, asubuhi, kijana anayeosha magari karibu na duka letu la spea alikuja na simu mkononi akaniambia, "Anko, wanasema Hamilton anaenda Ferrari." Nikamwambia wacha hiyo, Mercedes, timu yake, walitangaza mwisho wa Agosti 2023 kwamba amesaini mpaka mwisho wa 2025, kandarasi haijamaliza hata miezi sita, mtu ataendaje? Niliongea kwa sauti mbele ya wateja, yeye akanyamaza, akarudisha simu mfukoni akaendelea kupangusa dashibodi ya Probox ya mtu. Usiku taarifa rasmi zikatoka, ni kweli, 2025 Hamilton yuko Ferrari. Ilinikaa vibaya sana, na sio ile kukosea yenyewe, ni vile nilimnyamazisha mtu aliyekuwa na ukweli. Kesho yake nilimwomba msamaha na nikanunua daftari, na haya yote nitawaambia yametoka kwa hilo daftari.

Kitu nilikosa kujua siku hiyo ni moja tu. Hio kandarasi ya Agosti ilikuwa na kipengele cha kumruhusu atoke baada ya mwaka mmoja, Mercedes wenyewe walisema hivyo kwa taarifa yao. Mimi nilisoma tarehe ya mwisho nikafikiri nimesoma kandarasi.

Chora viti kwanza

Fungua ukurasa mpana, piga mistari. Upande wa kushoto andika timu, alafu kiti cha kwanza, kiti cha pili, mwaka kandarasi inaisha, na ya mwisho andika nani mwenye kuamua. Tumia penseli, juu utafuta sana.

Kwa langalanga, kama vile watangazaji wetu huita Fomula Wani (na sisi Nakuru tuko na mtaa mzima unaitwa Langalanga, hilo jina sio geni kwetu), hesabu ni rahisi. Mpaka 2025 timu zilikuwa 10, kila timu magari mawili, viti 20 dunia nzima. 2026 Cadillac wakaingia, timu 11, viti 22. Sasa angalia vile daftari linasaidia. Agosti 2025 Cadillac walitangaza Sergio Perez na Valtteri Bottas, viti vyote viwili vimejaa. Wale waliokuwa bado wanataja majina ya vijana wa kwenda Cadillac baada ya hiyo siku walikuwa wanapakia abiria kwa matatu imeshajaa na imeshatoka steji. Ukiwa na ukurasa wako unaona hivyo kwa sekunde mbili bila kugombana na mtu.

Swali la kwanza kwa kila tetesi basi ni hili: anakaa wapi, na aliye hapo anaenda wapi? Mtu akikwambia dereva fulani anaenda McLaren na hawezi kukwambia nani anatoka McLaren, hio bado ni vumbi tu. Mimi naandika V ndogo kando yake. Kiti kikionekana, ama kandarasi ya mtu iko karibu kuisha, naandika M ya moshi. T ya moto (juu M ishachukuliwa na moshi) naandika dereva mwenyewe akishafungua mdomo, na kwa nini nasema dereva mwenyewe nitafika huko.

Rali ni ngumu kidogo juu viti havijapigwa misumari. Timu kubwa za WRC, yaani ubingwa wa rali wa dunia, za miaka hii ni tatu, Toyota, Hyundai na M-Sport wa Ford, lakini timu inaweza kuleta gari la ziada kwa mashindano mengine na kuna dereva anakuja nusu msimu. Sébastien Ogier tangu 2022 anachagua rali za kwenda, hafanyi zote, na bado 2025 alichukua ubingwa wake wa tisa akamfikia Sébastien Loeb mwenye tisa. Kwa hivyo kwa ukurasa wa rali ongeza mstari wa "nusu msimu", bila huo utasema kiti kimejaa na kumbe kuna mtu anakigawana.

Usisahau mwenye gari

Hii watu wengi wanairuka na ndio inauma zaidi. Dereva anaweza kuwa bingwa, kandarasi iko, kila kitu sawa, alafu kampuni inaamua imechoka. Tarehe 2 Novemba 2016 Volkswagen walitangaza wanatoka WRC, na Ogier alikuwa ametoka kuchukua taji la nne mfululizo na wao. Bingwa wa dunia hana gari. Fikiria mwenyewe hiyo asubuhi. Akaenda M-Sport, timu ya watu wachache kuliko hao wakubwa, na akashinda 2017 na 2018 na Ford Fiesta yao, mimi hio naihesabu kati ya kazi kubwa zaidi za dereva kwa rali nilizoziona maishani. 2019 akaenda Citroën, mwisho wa mwaka akaondoka, na Citroën nao wakafunga timu.

Kwa hivyo ile safu ya mwisho ya nani anaamua, usijaze jina la bosi wa timu tu, jaza kampuni iliyo nyuma yake, na ukisikia kampuni iko na shida za pesa ama kesi, weka alama hapo hata kama hakuna dereva ametajwa bado. Tetesi ya dereva itakuja nyuma yake.

Tarehe, vipengele, na kiti kinachochoma

Baada ya ile ya Hamilton sasa kila tarehe nikiandika nauliza, kuna mlango wa pembeni? Na mlango unaweza kuwa wa dereva ama wa timu. Juni 2024 Red Bull walimwongezea Perez mpaka 2026. Tulipiga makofi, tukasema amekaa. Desemba mwaka huo huo akawa nje. Liam Lawson akaingia, akaendesha mbio mbili tu za 2025, mbio mbili jamani, akarudishwa timu ndogo ya Red Bull na Yuki Tsunoda akapandishwa. Kiti kama hicho mimi nakichorea duara, maana yake hapa kandarasi haisaidii mtu, na tetesi yoyote inayosema huyo wa kiti cha pili anatoka naipa moshi haraka kuliko kwingine.

Upande mwingine kuna Max Verstappen wa Red Bull, kandarasi mpaka 2028, na nusu ya kwanza ya 2025 yote tuliambiwa anaenda Mercedes. Hio tetesi haikuwa ya kijinga, tuwe wakweli, Mercedes walikuwa hawajamalizana na dereva wao George Russell na ilisemwa sana kwamba Max ana kipengele cha kutoka timu ikishuka chini. Kiti kilikuwepo na mlango ulisemekana uko, ndio maana kwangu ilikaa M wiki nyingi. Alafu mwisho wa Julai kule Hungary Max mwenyewe akasema 2026 yuko Red Bull. Nikafuta. Oktoba Mercedes wakathibitisha Russell na mwenzake kijana Kimi Antonelli, ukurasa ukafungwa. Utaona hapo kwamba moshi sio lazima uwe moto, na hujadanganya mtu ukimwambia ni moshi, unamdanganya ukimwambia ni moto.

Sikiliza nani anaongea kwa taarifa, na nani hayuko

Tarehe 2 Agosti 2022 Alpine walitoa taarifa rasmi kabisa kwamba Oscar Piastri ataendesha gari lao 2023. Ukitafuta hio taarifa uisome polepole utaona kitu. Bosi wa timu ameongea, sifa ziko, lakini Piastri mwenyewe hakuna neno lake hata moja. Dereva kijana anapewa kiti chake cha kwanza cha Fomula Wani, ndoto ya maisha yake yote, na hajasema hata asante? Saa chache baadaye akaandika kwa mtandao kwamba hakukubali na hajasaini na Alpine kwa mwaka huo na hataendesha kwao. Maneno yakaenda mbele ya ile bodi ya kutambua kandarasi ya Fomula Wani, na tarehe 2 Septemba ikaamua kandarasi halali ni ya McLaren.

Kwa hivyo taarifa rasmi bila sauti ya dereva kwangu haipati T. Nashuka chini natafuta maneno yake, na picha yake ya siku hiyo, sio picha ya zamani ya mwaka juzi na kofia ya timu nyingine. Hii inachukua dakika tatu na imeniokoa.

Na maneno ya dereva nayo yana uzito tofauti. Akiulizwa anasema anaangalia mbio za wikendi hii tu, hio sio ndio na sio hapana, usiibebe upande wowote. Akisema ana furaha alipo, pia hajasema kitu. Akisema "mwaka ujao niko hapa" na kutaja mwaka, hapo sasa andika. Meneja wake akiongea sana kuliko yeye, jua kuna bei inapandishwa mahali, hio ndio kazi ya meneja na hakuna ubaya, lakini wewe usikubali kuwa spika yake.

Mmoja akishuka wote wanasonga

Ushapanda matatu ya kutoka Nakuru kwenda Nairobi ukaona mtu wa dirishani akishuka Gilgil? Aliyekuwa katikati anasonga dirishani, wa nyuma aliyebanana anakuja katikati, na yule aliyepanda hapo barabarani anapata pale palipobaki, pabaya. Madereva ni hivyo hivyo, kwa hivyo ukisikia mmoja ameshuka usiishie kwake, chukua penseli ufuate mstari.

Tarehe 28 Julai 2022 Sebastian Vettel alitangaza anastaafu, kiti cha Aston Martin kikabaki wazi. Siku nne baadaye, tarehe 1 Agosti, Fernando Alonso akatangazwa hapo, akatoka Alpine. Alpine wakageukia Piastri kesho yake, hio sasa mnaijua. Piastri kwenda McLaren maana yake Daniel Ricciardo ametolewa. Alpine bado hawana mtu, wakamchukua Pierre Gasly kutoka AlphaTauri, AlphaTauri wakamleta Nyck de Vries. Mtu mmoja kustaafu, na ukihesabu kwa daftari unapata majina sita. Wale waliokuwa na ukurasa wa viti siku ile ya Vettel walikuwa na nafasi ya kuotea nusu yake, sio kwa uchawi, ni juu Alonso kandarasi yake ilikuwa inaisha.

2020 ilikuwa haraka zaidi, Mei tarehe 12 Ferrari na Vettel wakatangaza wanaachana, tarehe 14 Carlos Sainz ashapewa kiti na siku hiyo hiyo McLaren wakamtangaza Ricciardo. Ukiona vitu vinatoka siku mbili namna hiyo jua yalipangwa kitambo, unaona tu pazia likifunguliwa. Na ya Antonelli nayo weka hapa. Ijumaa tarehe 30 Agosti 2024 pale Monza kijana wa miaka 18 amepewa gari la Mercedes kwa mazoezi, hajamaliza hata dakika kumi ameligonga ukutani. Kwa hoteli yenye dishi tunayotazamia watu wakasema basi, kiti kimeenda. Jumamosi asubuhi Mercedes wakamtangaza kuwa ndiye wa 2025. Ajali haikubadilisha kitu juu sahihi ilikuwa imekauka.

Sisi na Toyota

Hapa lazima niongee na watu wangu wa Safari. Tangu rali irudi WRC 2021 mpaka 2025 Toyota wameshinda zote hapa kwetu, Ogier 2021 na 2023, Rovanperä 2022 na 2024, Elfyn Evans 2025, na hio 2022 na 2023 walichukua nafasi ya kwanza mpaka ya nne peke yao. Ukisimama pale Sleeping Warrior na vumbi limejaa kwa meno, unaona gari zinakuja na ule mdomo wa kuvutia hewa umepandishwa mpaka juu ya paa ndio injini isimeze fesh fesh, lile vumbi laini kama unga, na wengine wanasimama na Toyota inapita, ni rahisi sana kuamini kila dereva duniani analala akiota Toyota. Sisi wenyewe tunaendesha Toyota, tunauza spea zake. Hapo ndipo upenzi unaingia kwa daftari.

Ott Tänak alichukua ubingwa wa 2019 na Toyota, Oktoba tarehe 27, na kabla wiki kuisha ikatangazwa anaenda Hyundai. Bingwa, gari linashinda, na ameondoka. 2023 akaenda M-Sport, 2024 akarudi Hyundai. Nikiona tetesi ya mtu kukimbilia timu inayoshinda hapa kwetu najikumbusha Tänak kabla sijaandika chochote. Safari ni rali moja tu, dereva anapima kalenda nzima, barafu ya Sweden na lami pia.

Na wakati mwingine jibu haliko kwa ukurasa wako hata kidogo. 2025 Kalle Rovanperä alikuwa akitajwa kila mahali, na Oktoba akatangaza anaacha WRC kabisa aende mbio za uwanjani kule Japani, Super Formula, na bado akiwa mtu wa Toyota. Kwa hivyo niliongeza mistari miwili chini kabisa, "anastaafu" na "anahama mchezo". Nico Rosberg naye aliacha siku tano baada ya kuwa bingwa 2016, hakuna steji ilikuwa imesema hiyo.

Kitu kingine cha kuangalia ni gari la kuazimwa. Oliver Solberg aliachwa na Hyundai mwisho wa 2022 akashuka WRC2, daraja la chini ya WRC. Julai 2025 Toyota wakampa gari kubwa kwa rali moja, Estonia, akashinda. Hakuna timu inatoa gari la namna hiyo kama zawadi ya bathidei, inampima mtu, na 2026 akapewa msimu mzima. Ukiona dereva amepewa gari mara moja, ama amefanya majaribio na timu isiyo yake, mpandishe moshi hapo hapo.

Fuata wahandisi na sheria

Hii nitaigusa haraka. Sheria za gari zikikaribia kubadilika tetesi zinaongezeka juu kila dereva anajaribu kukisia nani atajenga gari zuri. Hamilton alitangazwa Mercedes Septemba 2012 na wengi wakaona amepotea njia, McLaren aliyotoka ilikuwa inashinda. 2014 injini mpya za turbo na umeme zikaja na kuanzia hapo akachukua mataji sita na Mercedes. Aliangalia miaka miwili mbele. 2026 Fomula Wani imebadilisha injini na gari tena, WRC nayo inaingia sheria mpya 2027, kwa hivyo andika wahandisi pia. Adrian Newey, mchoraji wa magari, kutangazwa Aston Martin Septemba 2024 ilikuwa habari kubwa kuliko madereva wengi, na mtu yeyote anayesema dereva fulani anaenda huko sasa ana sababu ya kweli ya kusema.

Ukituma kwa grupu

Andika tarehe umeisikia, na umeitoa wapi, na herufi yako. Mfano, "Jumanne, nimesoma kwa mwandishi anayefuata timu, kiti kipo, dereva hajaongea, M." Picha ya skrini isiyo na tarehe usiipitishe, nyingi ni za miaka ya nyuma zinazungushwa upya, na picha za dereva amevalishwa nguo za timu mpya siku hizi mtoto wa darasa la saba anatengeneza kwa simu. Mtu akileta tetesi usimrukie, muulize kiti ni cha nani na kandarasi inaisha lini, mkae chini mtafute pamoja.

Kijana wa kuosha magari sasa ndiye anaweka ukurasa wa rali, mimi naweka wa langalanga, na daftari linakaa nyuma ya kaunta kando ya boksi la plagi. Wiki ya Safari tunalibeba kwenda Soysambu. Ukitukuta pale kwa kamba uliza tu, mstari wa M-Sport wa 2027 bado uko wazi na penseli iko.